Aliyechelewa Miaka Ishirini

Mtu akifika kituo cha afya akasema amebakwa, muuguzi anamuuliza mapema kabisa: ilitokea lini? Jibu likiwa ndani ya saa 72, mambo huenda mbio. Anapewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, za kuzuia mimba, za magonjwa ya zinaa. Anapimwa, jeraha linaandikwa, cheti cha daktari kinatolewa ili kipelekwe kwa mpelelezi na baadaye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Hesabu hiyo ya saa imeokoa watu wengi mashariki mwa Kongo. Kila mama mhamasishaji anayezunguka vijijini akiwaambia wazazi "msingoje kesho, mleteni mtoto leo" anaokoa maisha, na naomba aendelee kulipwa na kuheshimiwa.

Lakini kuna mgonjwa mwingine ambaye swali hilo linamkuta mikono mitupu. Ana miaka thelathini na kitu. Amezaa mara nne. Amekuja mara nyingi kwa maumivu ya chini ya kitovu ambayo vipimo havioni kitu, kwa usingizi unaokatika saa nane za usiku, kwa moyo unaodunda bila sababu. Siku moja, mbele ya muuguzi mwenye subira, anasema: nilikuwa na miaka tisa. Anasema hivyo tu, kisha anakaza macho sakafuni. Ilitokea lini? Miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Hapo dawa hazina kazi, cheti hakina cha kuandika, na mtu anarudi nyumbani na panadol.

Huyo ndiye ninayetaka tumtazame: mtu mzima aliyeumizwa akiwa mtoto. Nimemweka Ankoro kwa sababu huko hesabu za miaka zinasema mengi kuliko hotuba.

Ankoro ni mji wa mito miwili. Luvua unaingia Lualaba hapo, ndani ya eneo la Manono, jimbo la Tanganyika. Ankoro ina zone yake ya afya, mojawapo ya zone 11 za jimbo. Makao makuu, Kalemie, yako mbali upande wa mashariki, kando ya ziwa. Mtu wa Ankoro anayetaka kufika huko hushuka Lualaba kwa mtumbwi au boti hadi Kabalo, kisha angoje treni isiyoahidi siku, au atafute pikipiki na pesa ya kumlipa dereva. Mvua za masika zikiingia, hata pikipiki inasita. Tukumbuke safari hii kila mtu anaposema "waathirika wajitokeze".

Novemba 2002 askari wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipigana ndani ya Ankoro. Raia wengi waliuawa, maelfu ya nyumba zikachomwa. Mahakama ya kijeshi ya Katanga iliwahukumu askari kadhaa kwa yaliyotokea, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra sana. Miaka iliyofuata, nchi iliyo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ikaitwa pembetatu ya kifo, na jina la mkuu wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, likawa la kunyamazishia watoto hadi alipojisalimisha mara ya kwanza mwaka 2006. Huko, wabakaji walikuwemo miongoni mwa wapiganaji na miongoni mwa askari waliotumwa kuwafukuza. Kuanzia 2013 vita vya Wabatwa na Waluba vikasambaa jimboni, vikachacha 2016 na 2017, na makambi ya wakimbizi wa ndani yakaota pembeni mwa Kalemie kama uyoga. Na mwaka 2021, katika zone za afya za Kongolo na Mbulula, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba ndani ya wiki mbili tu yameandikwa matukio 243 ya ubakaji katika vijiji 12. Kati ya hayo, 48 yaliwahusu watoto.

Sasa tufanye hesabu. Mtoto wa miaka tisa mwaka 2002 leo amepita thelathini. Wa 2006 yuko njiani kuifikia. Wa kambi za Kalemie wanaingia utu uzima sasa hivi, na wale 48 wa Kongolo na Mbulula wanafuata nyuma yao. Kila wimbi la vita liliacha watoto, na watoto hukua. Mashirika huhesabu matukio ya mwezi, na huo ndio wajibu wao. Lakini sijaona jimboni daftari linalouliza wale wa miaka kumi au ishirini iliyopita wako wapi na wanaishije.

Hata hivyo nisiiachie bunduki lawama yote. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wanawake wa Kongo wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kutendewa ukatili wa kingono, na aliyetajwa zaidi alikuwa mume au mwenzi, mtu wa ndani. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, haikuwa na vita. Lakini uchunguzi wake wa 2009, uliotolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo hata kama risasi isingelia tena Tanganyika, bado kungekuwa na mama wa miaka thelathini anayekaza macho sakafuni. Aliyemuumiza angekuwa baba wa kambo, mwalimu, mchungaji, jirani aliyeachiwa ufunguo, binamu mkubwa aliyekuja kusoma.

Na hapa tunagonga ukuta wa kwanza, ambao ni maneno yenyewe.

Sikiliza tunavyosema kwa Kiswahili mtoto anapofanyiwa jambo hili. Tunasema ameharibiwa. Tunasema amechezewa. Wengine, kwa lugha ya kanisani, amenajisiwa, amechafuliwa. Yapime neno kwa neno. Kuharibika ni kwa chakula na mashine: kilichoharibika hutupwa au hupunguzwa bei. Najisi ni kitu kisichoingia mahali patakatifu. Kuchezewa kunafanya uhalifu uwe mchezo, na mtoto awe mwanasesere. Maneno yote haya yanabandikwa mwilini mwa mtoto. Hakuna hata moja linalobaki kwa mtendaji. Yeye anaendelea kuitwa mjomba. Mtoto anayesikia watu wazima wakinong'ona "huyu ameharibiwa" anakua akijua jina lake la siri, na atakapofikisha miaka thelathini hatakuwa na haja ya mtu kumkumbusha. Ndiyo maana neno manusura, ambalo wengine huliona la semina na warsha, mimi nalipenda. Manusura ni aliyeokoka, kama mtu aliyetoka majini baada ya boti kuzama. Linamkumbuka mtu na linakumbuka kwamba kulikuwa na dhoruba.

Ukuta wa pili ni kupatana. Mtoto akisema, au mimba ikisema badala yake, wakubwa hukaa. Mara nyingi huanza kwa nia ambayo wao wanaiona njema: mambo ya nyumba yaishie nyumbani, koo zisigombane, msichana asikose mume. Mbuzi hutolewa, au pesa, na kuna nyakati msichana mwenyewe hutolewa kwa aliyembaka ili jambo lipate jina la ndoa. Fidia inakwenda kwa baba au kwa mjomba. Msichana hapewi kitu, isipokuwa amri ya kunyamaza, maana sasa deni limelipwa na kulifufua ni kuwaaibisha waliokula mbuzi. Sheria ya Kongo imejitahidi hapa: marekebisho ya Julai 2006, sheria namba 06/018 na 06/019, yaliondoa uwezekano wa kumaliza kesi ya ubakaji kwa kulipa faini, yakataka upelelezi na hukumu viende haraka, yakamtambua mwanamume pia kuwa anaweza kubakwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikaweka kifungo cha miaka 7 hadi 20 kwa anayembaka mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18. Ni maandishi mazuri. Barazani, chini ya mwembe, hayasomwi.

Na mtoto aliyenyamazishwa hunyamaza muda gani? Tume kubwa ya Australia, iliyosikiliza kwa miaka mitano maelfu ya watu walioumizwa utotoni ndani ya taasisi na kumaliza kazi mwaka 2017, ilipiga hesabu: kwa wastani ilimchukua mtu miaka 23.9 kumwambia mtu mwingine. Karibu miaka 24, katika nchi yenye polisi kila mtaa na simu za msaada usiku na mchana. Sababu si ujinga wala uwongo. Mtoto wa miaka tisa hana jina la kilichompata. Akiwa na kumi na nne analipata jina, na pamoja nalo aibu. Akiwa na ishirini ana ndoa ya kulinda. Mara nyingi ulimi hufunguka pale mtoto wake mwenyewe anapofikisha umri ule ule, naye akimtazama akicheza uani anaona kwa mara ya kwanza jinsi miaka tisa ilivyo midogo, na kwamba haikuwezekana kabisa awe yeye ndiye aliyekosa. Au aliyemuumiza anapokufa, na yeye anatakiwa kulia msibani.

Ishike hiyo 24, maana sasa tunakwenda kwenye sheria ya jinai ya Kongo, kitabu cha kwanza, kifungu cha 24. Kinasema kosa linaloweza kuadhibiwa kwa zaidi ya miaka mitano jela linakufa baada ya miaka kumi. Ubakaji umo humo. Aliyebakwa akiwa na miaka minane, kwa hesabu ya kawaida kesi yake inazikwa siku anapofikisha kumi na nane, yaani siku hiyo hiyo anapopata haki ya kusimama mbele ya hakimu kama mtu mzima. Kabla ya hapo alihitaji mzazi au mlezi wa kumpeleka, na mzazi ndiye aliyekula mbuzi. Sijui kama kuna mlango mwingine katika sheria zetu uliojengwa ukafungwa kwa ustadi namna hii bila mtu kukusudia.

Nasema bila kukusudia kwa sababu kanuni hiyo ni ya zamani, urithi wa amri ya kikoloni ya Januari 1940. Waandishi wake walifikiria wizi, mapigano, ughushi wa hati: makosa ambayo ushahidi huoza na mlalamikaji hana sababu ya kuchelewa. Hawakumfikiria mtoto. Wabelgiji wenyewe waliotuachia sheria hiyo wameshaiacha: kwa sheria ya Novemba 2019, Ubelgiji iliondoa kabisa ukomo wa muda kwa makosa mazito ya kingono dhidi ya watoto. Afrika Kusini ilifika hapo kwa njia ya mahakama. Watu wanane waliosema kwamba tajiri mmoja, Sidney Frankel, aliwanyanyasa walipokuwa watoto walikwenda kupinga ukomo wa miaka 20 uliowazuia. Frankel alifariki kesi ikiendelea, wao hawakuacha. Juni 2018 Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao: kuchelewa kusema ni sehemu ya jeraha lenyewe, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa dalili ya jeraha lake. Kenya na Tanzania, kwa kurithi mila ya Kiingereza, hazina saa inayohesabu hivyo kwa makosa makubwa ya jinai. Kwa hiyo Mkongo anayeomba kifungu cha 24 kirekebishwe haombi maajabu.

Zipo pingamizi, na zina uzito. Baada ya miaka ishirini na tano mashahidi wamekufa au wamehama, hakuna cheti cha daktari, na mtu anaweza kushtakiwa kwa chuki ya shamba. Kweli. Lakini kuondoa ukomo hakumlazimishi hakimu kuhukumu bila ushahidi; kunamruhusu mlalamikaji asikilizwe tu. Mara nyingi ushahidi upo, kwa sababu mtu anayeumiza watoto haishii kwa mmoja. Wa pili na wa tatu husubiri wa kwanza aseme.

Kuna mgawanyiko unaoniuma zaidi. Uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu hauna ukomo wa muda. Kiongozi wa wapiganaji Bosco Ntaganda alihukumiwa The Hague Julai 2019 kwa mambo ya Ituri ya 2002 na 2003, yakiwemo kubakwa kwa watoto wa chini ya miaka 15 ndani ya jeshi lake mwenyewe. Watoto hao walikuwa watu wazima hukumu ilipotoka, na ilitoka. Ni miaka ile ile ya Ankoro kuungua. Sheria namba 22/065 ya Desemba 2022 imeunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini, kwa ajili ya waliofanyiwa ukatili wa kingono unaotokana na vita na waathirika wa uhalifu mkubwa. Nchi maskini iliyoamua kutoa sehemu ya madini yake kwa ajili ya majeraha ya raia wake imefanya jambo la heshima, na nataka mfuko huo usimamiwe kwa mikono safi.

Lakini watazame wasichana wawili wa mtaa mmoja, wote wa miaka tisa, mwaka mmoja. Mmoja alikutwa na mwenye bunduki njiani kutoka shambani. Mwingine alikutwa na baba mdogo ndani ya nyumba walimokimbilia kuikwepa bunduki. Leo wa kwanza ana haki isiyozeeka, na pengine mfuko. Wa pili kesi yake imekufa, na mfuko haumjui. Usiku wanaamka saa ile ile. Tena katika vita mstari huo unafifia: nyumba ilijaa wageni kwa sababu ya vita, mama hakuwepo kwa sababu ya vita, aliyempa mtoto kipande cha mkate kwa sharti alikuwa na mkate kwa sababu ya vita. Mtetezi anayefanya kazi Tanganyika hawezi kukubali kwamba huyu wa pili ni wa mwingine. Wala asimshauri apake hadithi yake rangi ya vita ili aingie kwenye orodha. Nasikitika kwamba mfumo unaomtambua mmoja tu unaweka jaribu hilo mezani.

Kavumu, Kivu Kusini, inatuonyesha upande mwingine. Kati ya 2013 na 2016 wasichana zaidi ya 40, wengine hawajafikisha miaka miwili, walichukuliwa usiku vitandani mwao na kubakwa na kundi lililoamini kwamba damu ya bikira inazuia risasi. Waliotibiwa Panzi, hospitali aliyoianzisha daktari Denis Mukwege huko Bukavu mwaka 1999, walikuja na majeraha yasiyofaa kuelezwa hapa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyohamia Kavumu kwenyewe ilimhukumu mbunge wa jimbo Frederic Batumike na wenzake kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watoto hawakuburuzwa mbele ya washtakiwa. Ushuhuda wao uliorekodiwa kwa video ulitumika. Mashahidi wengine walizungumza nyuma ya pazia, wamefunikwa kichwa hadi miguu, sauti zimebadilishwa kwa mashine. Yeyote anayesema haki haiwezekani mashariki mwa Kongo aende asome kesi hiyo.

Ila hukumu ilisomwa wakiwa bado watoto. Wakubwa miongoni mwao leo ni wasichana wa umri wa kuolewa. Mwili ulioshonwa ukiwa na miaka minne haukui sawa na mwingine. Unahitaji daktari tena wakati wa kuvunja ungo, tena wakati wa ndoa, tena wakati wa kujifungua. Na akili vilevile: kile ambacho mtoto wa miaka mitano alikisahau kwa huruma ya Mungu, mwanamke wa miaka ishirini hukikuta kitandani usiku wa harusi. Faili la kesi limefungwa, faili la mtu ndiyo kwanza linafunguliwa.

Madaktari wa nchi tajiri walilijua hili kwa kujikwaa. Huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti alikuwa akitibu unene miaka ya 1980 na kushangaa kwa nini wagonjwa waliokuwa wakipungua vizuri walikuwa wakitoroka. Alipowauliza, wengi wakasema waliguswa utotoni, na mwili mnene ulikuwa ngome. Yeye na mtafiti mwenzake Robert Anda wakawauliza watu wazima zaidi ya 17,000. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998. Karibu mmoja kati ya watano alisema alinyanyaswa kingono akiwa mtoto, na yaliyompata mtu utotoni yakaonekana yakifuatana na pombe, huzuni nzito, hata maradhi ya moyo na ini. Maumivu ya yule mama wa Ankoro ambayo vipimo havioni kitu si ya kubuni.

Sasa ingia nami chumba cha kujifungulia. Sikomi kukifikiria chumba hiki, kwa sababu ndipo karibu kila mwanamke wa Ankoro atakapopita, iwe amesema au hajasema. Mama yuko kitandani, uchungu umekaza. Mkunga, amechoka, ana wengine wawili wanamngoja, anamwambia panua miguu, na anaingiza vidole kupima njia. Mama anabana mapaja. Au anakuwa kama gogo, macho darini, haitikii hata akiitwa. Mkunga anafoka: wakati wa kutengeneza mtoto hukuona haya? Wanawake wengi wanaijua sentensi hiyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa mama wengi ni kweli ya kutia moyo. Kwa huyu, kuamriwa kuvua kwa sauti ya ukali ni kurudishwa kwenye chumba kile cha utotoni, mlango umefungwa.

Mkunga aliyefunzwa hufanya mambo madogo. Anasema jina lake. Anasema atakachofanya kabla ya kugusa, na anangoja neno ndiyo. Anamwambia mama: ukisema acha, naacha. Anafunika kitenge kila sehemu asiyohitaji kuiona. Hamlazimishi alale chali kama anaweza kuzaa amepiga magoti. Anauliza, wakiwa wawili tu, kwenye kliniki ya wajawazito na si siku ya uchungu: kuna mtu aliwahi kukugusa kwa nguvu, hata zamani, hata ukiwa mdogo? Anauliza "hata zamani" kwa sauti ile ile anayoulizia malaria. Hakuna mashine hapo, hakuna dola. Ni siku chache za mafunzo kwa wakunga wa zone, na msimamizi anayerudi mara kwa mara kuona kama yameshikwa.

Na akisema ndiyo, apelekwe wapi? Hapa jibu la kawaida ni kwamba Kongo haina madaktari wa akili, na ni kweli ni wachache mno. Lakini Kivu imeshatuonyesha njia. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, likiwa na wanawake 405 waliopitia ukatili wa kingono. Baadhi walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikaa kwa vikundi, vikao 11, wakiongozwa na wasaidizi wa kijamii wa pale pale, hawa tunaowaita APS, ambao hawakuwa na shahada ya saikolojia. Miezi sita baadaye, wenye dalili nzito za huzuni na hofu walikuwa asilimia 42 katika msaada wa kawaida, na asilimia 9 katika vikundi. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi na bado inanipa nguvu.

Kilichofanyika vikundini hakikuwa siri ya wasomi. Mtu hufundishwa kulikamata wazo linalompiga na kulihoji. "Nilikosa, kwa sababu nilichukua biskuti aliyonipa." Wenzake wanamuuliza: ulikuwa na miaka mingapi? Mtoto wa miaka tisa akipewa biskuti afanye nini? Binti yako akichukua biskuti, utasema amejitakia? Hahitaji kueleza kitendo chenyewe mbele ya wote. Anahitaji kuona wazo lile likianguka, mbele ya watu wasioshtuka, wanaosema Kiluba na Kiswahili kama chake na wanaojua shamba lake liko upande gani wa mto.

Wanaume je? Mvulana aliyeumizwa hana hata lile neno baya la kuharibiwa. Anaogopa ataambiwa si mwanamume. Anakua, anakwenda kuchimba kasiterite Manono, anakunywa pombe kali ya lutuku, anampiga mke, na hakuna anayemuuliza. Huko Kampala wakimbizi wanaume, wengi wao Wakongo, waliunda chama chao, Men of Hope, wakisaidiwa na mradi wa sheria ya wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Ilibidi wawe ugenini ndipo waseme. Natamani siku moja mtu asilazimike kuvuka mpaka kwanza.

Sauti yenye nguvu kuliko ya wanasheria na madaktari ni ya wao wenyewe. Mwaka 2017 manusura wa nchi mbalimbali zenye vita walijiunga katika mtandao wa dunia, wakasaidiwa na taasisi ya Mukwege, na kati ya lugha zote za dunia wakauita kwa neno la Kiswahili: SEMA. Kongo ina vuguvugu lake la manusura ndani ya familia hiyo. Lakini sema ni kitenzi cha kuamrisha, na mtetezi mwema huwa mwangalifu nacho. Yule mama wa Ankoro hana deni la kutusimulia. Ana haki ya kutibiwa bila kusimama jukwaani, ya kushtaki hata akiwa na miaka hamsini, ya kuamua kutoshtaki kabisa, ya kumwambia dada yake peke yake na iwe imetosha. Na mashirika yanayopiga picha za kina mama waliofunika nyuso kwa kitenge yajiulize picha ile inamfuata nani hadi sokoni.

Mambo yanayohitajika Ankoro naweza kuyataja kwa pumzi moja: swali la "hata zamani" kliniki, APS wawili au watatu waliofunzwa vikundi na wanaolipwa kwa wakati, mahakama ya kuhamahama inayoshuka mtoni badala ya kumngoja mtu Kalemie, na bungeni Kinshasa mswada wa kukigusa kifungu cha 24 ili saa ya mtoto isianze kuhesabu kabla hajawa mtu mzima, au isihesabu kabisa. Hilo la mwisho lina haraka kuliko linavyoonekana. Mwendesha mashtaka akiyahesabu yale matukio ya Kongolo na Mbulula kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, hayatazeeka. Akiyaandika ubakaji wa kawaida na faili likalala, miaka kumi ya wale watoto 48 inatimia mwaka 2031. Aliyekuwa na miaka saba siku ile atakuwa na kumi na saba.